Hadithi Yenye Njia Nyingi

Hadithi zilizo nyingi zina njia moja tu. Msimulizi hutangulia, nasi twamfuata nyuma mpaka mwisho. Lakini iko hadithi ya namna nyingine, ambayo kila ifikapo njia panda husimama na kumwuliza msomaji sasa ataka kwenda wapi. Achaguavyo ndivyo mambo yatakavyokuwa. Na kwa kuwa msomaji aweza kufaulu au kushindwa, hadithi hiyo imekwisha kuwa mchezo.

Huko Marekani palikuwa na mwanasheria aitwaye Edward Packard, ambaye desturi yake ilikuwa kuwasimulia binti zake hadithi kabla ya kulala. Usiku mmoja aliishiwa na mawazo, akawauliza wao wangefanya nini. Kila mmoja akatoa jibu lake. Packard akaona kwamba hana haja ya kuchagua jibu moja na kulitupa la pili. Mwaka 1969 akaandika kitabu cha namna hiyo, kiitwacho Sugarcane Island, nacho hakikupigwa chapa mpaka mwaka 1976.

Siku hizi hadithi hizi huandikwa pia kwa kompyuta. Iko programu iitwayo Twine, iliyotungwa na Chris Klimas mwaka 2009, nayo hutolewa bure. Ndani yake kila ukurasa huonekana kama kisanduku, na mishale huonyesha ukurasa upi waelekea upi. Asiye na kompyuta aweza kutandaza vipande vya karatasi sakafuni na kuviunga kwa uzi. Akili ya kazi ni ile ile.

Basi, wako watunzi wapendao kushindana na saa. Mwaka 2002 yalianza mashindano yaitwayo Ludum Dare, jina la Kilatini, maana yake kutoa mchezo. Kwa sharti lake lililo kali zaidi, mtu alikuwa peke yake, akapewa neno la kutungia, na katika saa 48 ilimpasa kuleta mchezo uliokwisha. Mwezi wa Januari 2009 yakaanza pia makutano ya Global Game Jam, ambapo watu wa miji mingi waliingia kazini pamoja kwa muda kama huo.

Saa 48 husikika kuwa nyingi. Tuzihesabu. Tuseme kazi yaanza Ijumaa saa kumi na mbili jioni, nayo yatakiwa Jumapili saa ile ile. Ondoa saa 16 za kulala usiku mara mbili, maana mtu asiyelala huandika upuuzi na kuusifu. Ondoa saa 6 za kula, kuoga na shughuli za nyumbani. Zimebaki 26. Weka 3 za kufikiri, 12 za kuandika, 4 za kuunganisha kurasa, na 7 za kujaribu na kutengeneza.

Sasa angalia hatari iliyojificha. Tuseme hadithi yako ina njia panda 5, na kila mahali pana njia mbili. Ukurasa wa kwanza wazaa 2, hizo zazaa 4, kisha 8, kisha 16, kisha 32. Jumla ni kurasa 63! Kwa saa 12, kila ukurasa utapata dakika kumi na moja na kitu kidogo. Tena msomaji akipita mara moja ataona kurasa 6 tu, na 57 zitabaki gizani. Wengi wameshindwa hapa, wala si kwa uvivu.

Dawa yake ni kuziacha njia ziachane kidogo, kisha zikutane tena. Kila njia panda iwe na ukurasa mmoja wa kuuliza na kurasa mbili za kujibu, na hizo mbili zirudi kwenye swali linalofuata. Maswali 5 na majibu 10 ni kurasa 15. Ongeza miisho 3, zimekuwa 18. Kila ukurasa sasa una dakika 40.

Lakini njia zikikutana daima, je, msomaji hatasema kwamba amedanganywa? Atasema, na atakuwa na haki, ila hadithi ikiwa na kumbukumbu. Chukua mfano huu. Binti ametumwa kuvuka hori kuleta dawa ya bibi yake, na jua limeanza kushuka. Apande mtumbwi, au apite kwa miguu katika mikoko? Kwa vyovyote atafika ng'ambo, lakini akipita mikokoni hadithi hukumbuka kwamba amechelewa. Huko mwuza dawa ampa hiari ya kubeba taa au kamba. Hadithi hukumbuka tena. Mwishoni, aliyewahi hufika kwa bibi mapema. Aliyechelewa akiwa na taa hufika usiku. Aliyechelewa bila taa hulala ng'ambo, na bibi humngojea hadi asubuhi. Mambo mawili tu yamekumbukwa, nayo yametosha kupambanua miisho mitatu. Ila ni lazima ukurasa wa kwanza utaje jua na tope la mikokoni, ili msomaji achague kwa akili, asipige bahati nasibu.

Usiandike ukurasa wa kwanza kwa uzuri wote kisha ukaenda wa pili. Ijumaa usiku andika kurasa zote 18, kila mmoja sentensi moja, uziunge mpaka hadithi ichezeke toka mwanzo hadi mwisho. Kisha unenepeshe. Muda ukikatika, utakuwa na mchezo mwembamba uliokamilika. Picha na muziki vingoje.

Jumapili saa sita mchana usiongeze neno jipya. Mwite mwenzako acheze, nawe ukae kimya kabisa, usimwonyeshe njia. Akisita, andika aliposita. Tazama pia kurasa zisizo na mlango wa kutokea: katika Twine, ukitaja ukurasa ambao haujawako, programu huuumba mtupu, nao waweza kusahauliwa hivyo hivyo.

Zoezi. Hadithi ina njia panda 4, kila moja yenye njia mbili. Njia zisipokutana, zitakuwa kurasa ngapi? Zikikutana, na miisho ikiwa 3, zitakuwa ngapi? Chora zote mbili katika daftari lako.