SOMO LA JIOGRAFIA: MWAMBA WA ULURU NA KIJIJI CHA WAGENI

Wanafunzi wa kidato cha pili waliniuliza kama ni haki wenyeji wamzuie mgeni asipande mlima unaosifiwa dunia nzima. Mwaka 2023 nilipata nafasi ya kuuona mlima wa namna hiyo, basi nimeona vema nijibu hapa ili wote wafaidike. Lakini kwanza tuujue mwamba wenyewe.

Mahali penyewe. Uluru upo katikati ya Australia, katika jangwa la mchanga mwekundu. Mji mkubwa ulio karibu ni Alice Springs, nao uko mbali yapata kilomita 450 kwa barabara. Mvua ya mwaka ni kama milimita 300 tu. Wakati wa joto kipimo hupita digrii 40, na usiku wa kipupwe maji huweza kuganda. Mwamba una urefu wa mita 348 kutoka chini, na kuuzunguka ni zaidi ya kilomita 9. Upande wa magharibi ipo miamba mingine 36 ya mviringo iitwayo Kata Tjuta, maana yake “vichwa vingi”. Mrefu kupita yote una mita 546.

Jinsi ilivyofanyika. Yapata miaka milioni 550 iliyopita palikuwa na milima mirefu. Mvua iliimomonyoa, na mito ikachukua mchanga na kokoto na kuvirundika bondeni. Baadaye bahari ilifunika mahali pale, na uzito wa matope ukavishindilia hata vikawa mawe. Uluru ulitokana na mchanga, na Kata Tjuta ilitokana na kokoto. Kisha nguvu za ardhi zilizikunja tabaka, na zile za Uluru zikasimama karibu wima, kama vitabu kabatini. Miamba laini ya kandokando ikaliwa na mvua na upepo, migumu ikabaki. Ndani jiwe ni la kijivu. Wekundu wa nje ni kutu ya chuma kilichomo.

Kijiji cha wageni. Zamani hoteli na kambi zilikuwa chini ya mwamba, zikapaharibu. Kwa hiyo kijiji cha Yulara kilijengwa nje ya hifadhi, kama kilomita 20 kwa barabara, kikafunguliwa mwaka 1984. Nililala huko. Nyumba ni fupi, zina rangi ya mchanga, na juu yake yametandwa matanga meupe ya kuleta kivuli. Maji huvutwa kutoka chini ya ardhi, kisha huondolewa chumvi.

Habari ya haki. Wenyeji ni Anangu, nao wamekaa pale tangu kale sana. Mwaka 1958 mahali hapo paliondolewa katika ardhi iliyotengwa kwa ajili ya wenyeji, ili watalii wapate nafasi. Tarehe 26 Oktoba 1985 Anangu walirudishiwa ardhi yao, nao wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99 iwe hifadhi ya taifa. Kwa miaka mingi waliwaomba wageni wasipande, kwa sababu njia ile ni takatifu katika mila zao. Wengi walipanda vivyo hivyo, na zaidi ya watu 30 walifia pale. Tena juu hapana choo. Mvua iliponyesha, uchafu uliteremka mpaka kwenye vidimbwi vya chini. Tarehe 26 Oktoba 2019 njia ilifungwa.

Niliuzunguka mwamba kwa miguu. Mahali pa kupandia niliona mstari mweupe, alama ya nyayo za miaka mingi. Msafiri mwenzangu alinung'unika kwamba amelipa nauli kubwa, kwa hiyo angeruhusiwa kupanda. Nilimjibu kwamba nauli inalipia safari, hainunui nyumba ya mtu. Husemwa, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni anayechafua maji ya mwenyeji, amemponya nini? Jawabu langu basi ni kwamba wenyeji wana haki. Nami sikukosa kitu: niliuona mwamba wote.

Maswali
1. Kwa nini tabaka za Uluru zimesimama wima?
2. Eleza tofauti ya mawe ya Uluru na ya Kata Tjuta.
3. Taja mahali karibu na kwenu ambapo wazee hukataza watu kupita. Uliza sababu, kisha toa maoni yako.