Mbwa Wako Ni Wajibu Wako



Hapa Qurus nyumba nyingi zina mbwa. Usiku mbwa analinda ng'ombe na mbuzi. Mchana anafuatana na watoto machungani. Je, wewe unampa nini?

Wengine husema, "Mbwa atajitafutia mwenyewe." Sheria haisemi hivyo. Mwaka 2008 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19. Sheria hii inatambua kwamba mnyama anasikia maumivu. Kumtesa ni kosa. Mwenye mnyama ana wajibu wa kumtunza:

1. Mpe chakula na maji safi.
2. Mpe mahali pa kulala pasipovuja mvua.
3. Akiumia au akiugua, muone bwana mifugo.
4. Usimfunge kwa kamba fupi siku nzima. Mbwa anahitaji kutembea.
5. Usimpige ovyo wala kumtisha.

Ukimtunza mbwa, unailinda pia nyumba yako. Mbwa mwenye njaa huzurura. Akizurura hupigana na mbwa wengine. Hapo anaweza kupata kichaa cha mbwa. Kisha anarudi nyumbani, kwa watoto wako.

Dalili za kichaa zikishatokea kwa mtu, ni vigumu sana kupona. Karibu wote hufa. Lakini chanjo huzuia ugonjwa huu. Mbwa apate chanjo akitimiza miezi 3, kisha kila mwaka. Tunza cheti chake.

Ukiona mbwa amebadilika tabia, anatokwa na mate mengi au anauma ovyo, usimguse. Mwambie bwana mifugo upesi.

Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Kisha mpeleke zahanati au hospitali siku hiyohiyo, aelekezwe kuhusu chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Waambie watoto wasifiche hata jeraha dogo.

MASWALI

1. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ilipitishwa mwaka gani?
2. Taja mambo matatu ambayo mwenye mbwa lazima ayafanye.
3. Mtoto akiumwa na mbwa, utafanya nini kwanza?

ZOEZI

Andika katika daftari jina la mbwa wako na tarehe aliyochanjwa mara ya mwisho. Kama huna tarehe ya kuandika, muone bwana mifugo wiki hii.