Dawa isiyopanguswa kwa kitambaa

Vuli ikiingia, blaiti haikawii kushika nyanya, na mkulima hubeba bomba mgongoni karibu kila juma. Mvua ikiosha dawa leo, kesho anapuliza tena. Kisha broka anapiga simu: lori linaondoka usiku huu. Alfajiri kreti ziko soko la Muthurwa, Nairobi, nyanya zikiwa na vumbi jeupe karibu na kikonyo.

Mnunuzi huliogopa vumbi hilo, na mama mboga hulipangusa kwa kitambaa. Mimi huogopa zaidi kisichoonekana. Dawa kama imidakloprida hupenya ndani ya mmea. Osha nyanya utakavyo, iliyoingia imeingia.

Kuipata ni kazi ya maabara. Pale dawa isipowekewa kikomo chake cha mabaki, Ulaya hutumia miligramu 0.01 kwa kilo, yaani miligramu 10 katika tani nzima. Na rojo ya nyanya imejaa sukari, asidi na rangi zinazoivuruga mashine ya kupimia. Ndiyo maana wanakemia wamebuni unga mweusi wa chembe za oksidi ya chuma, zilizovikwa polima yenye vitundu vidogo mno, vilivyotengenezwa vilingane na dawa inayotafutwa. Unga hutikiswa pamoja na maji ya nyanya, dawa ikanasa humo, kisha sumaku huwekwa nje ya chupa. Weusi wote hukimbilia upande mmoja! Maji humwagwa, na dawa huoshwa kutoka kwenye unga kwa kiyeyushi kidogo, tayari kupimwa.

Unga huu msiuulizie dukani, haukukusudiwa kusafishia mboga. Wala haunasi kila kitu. Mankozebu, mnayoipuliza sana wakati wa mvua, hata vipimo vya kawaida vya dawa nyingi kwa mpigo huikosa. Hupimwa peke yake, kwa kuivunja kwa asidi na kupima mvuke wa disulfidi ya kaboni unaotoka.

Wakulima wa mishiri wanajua uzito wa vipimo hivi. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima asilimia 10 ya shehena za mishiri na njegere za maganda kutoka Kenya, baada ya mabaki ya dawa kama dimethoeti kupatikana, na wakulima wadogo wengi wakaachwa na wanunuzi. Muthurwa hakuna anayekudai cheti, na hilo ndilo linalonikosesha raha.

Basi andika jina la dawa na tarehe ya kupuliza, hata kama ni kwa makaa kwenye ukuta wa stoo. Soma lebo: dawa nyingine hungojewa siku 3 kabla ya kuchuma, nyingine 7, nyingine 14. Broka akiwahi, mpe mistari iliyotimiza siku zake. Iliyobaki ingoje lori lijalo. Simika miti ya kuegemeza nyanya sasa, na ukate majani ya chini yasiguse udongo, maana blaiti hupenda majani yaliyosongamana na kulowa, na yakikauka upesi utapuliza mara chache.