Kura huhesabiwa kituoni: maswali ya wanahabari kuhusu uchaguzi

Kenya inatarajiwa kurudi debeni Agosti 2027. Mhariri wa siasa anajibu maswali ya waandishi chipukizi.

Habari kubwa ya uchaguzi si mikutano ya kampeni?
Jukwaani utavuna vijembe na ahadi. Kura huharibikia kwingine: kwenye sajili ya wapiga kura, zabuni za vifaa na uteuzi wa makamishna. Mwaka 2022 makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi, IEBC, waliyakana matokeo ya urais. Chumba cha habari kisichoifahamu tume kwa undani hubaki kukurupuka siku kama hiyo.

Matokeo tuyatoe wapi?
Kwenye fomu 34A, inayojazwa na kusainiwa kituoni. Mwaka 2017 runinga zilirusha tarakimu za tume zisizoambatana na fomu. Mshindi akatangazwa kabla fomu zote hazijafika, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi huo wa urais.

Mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni. Lakini kila stesheni ilijumlisha kwa mpangilio wake: huku mgombea urais William Ruto anaongoza, kule mpinzani wake Raila Odinga. Watazamaji wakachanganyikiwa. Kila unapotaja jumla, taja pia ni vituo vingapi vimehesabiwa, na vya kaunti zipi. Afadhali zaidi, vyombo vishirikiane kujumlisha.

Haki si kumpa kila upande nafasi sawa?
Muda sawa, ndiyo. Uzito sawa kwa dai na ushahidi, hapana. Anayelia kuibiwa kura muulize: kituo gani, fomu ipi? Akikosa jibu, liandike hilo papo hapo kando ya dai lake, si aya ya kumi. Tume nayo ihojiwe vivyo hivyo.

Tukiogopa kuchochea ghasia?
Matusi ya kikabila yasipewe kipaza sauti. Ila kunyamaza si amani. Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na bado watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi. Mwaka 2013 vyombo vingi vilihubiri utulivu hata mitambo ya kuwatambua wapiga kura ilipokwama, vikalaumiwa kwa kutouliza maswali magumu.

Na serikali ikizima mitambo ya utangazaji?
Ilifanya hivyo Januari 2018 kwa runinga za Citizen, NTV na KTN. Andaeni njia mbadala mapema, na wakili awe tayari.

Mwananchi atusaidieje?
Kura zikishahesabiwa, matokeo hubandikwa kituoni. Mwananchi ayapige picha, aitunze, kisha ailinganishe na fomu iliyo mtandaoni. Zikitofautiana, awapelekee wanahabari.