Dizeli Kutoka Kibanda cha Chipsi Mayai

Kibanda cha chipsi mayai kina karibu kila kitu kinachotakiwa kutengeneza baiodizeli. Kwenye karai kuna mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, na kwenye ndoo ya taka kuna maganda ya mayai. Mafuta ndiyo malighafi. Maganda yakichomwa sawasawa huwa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mafuta yaungane na methanoli. Cha kununua ni hiyo methanoli na dawa chache za kupimia. Wengi hukimbilia kuchanganya, ilhali kazi hii huharibika mapema zaidi: mafuta yana maji, au maganda yamechomwa nusunusu.

Chuja mafuta kwa kitambaa, yaache yatulie siku nzima, kisha yapashe hadi nyuzi 105 za Selsiasi mpaka yaache kutatarika. Yakipoa, pima ukali wake. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda katika lita 1 ya maji ya betri (yale maji matupu, si asidi yake). Mililita 1 ya mafuta itie katika mililita 10 za alkoholi ya isopropili pamoja na chembe ya manjano ya kupikia. Sasa dondosha yale maji ya kostiki kwa sirinji, tone kwa tone, huku ukitikisa. Rangi ya njano ikigeuka wekundu wa udongo na ikadumu nusu dakika, acha, usome umetumia kiasi gani. Ikiwa ni chini ya mililita 3, endelea. Ikizidi hapo, asidi iliyomo itakula kichocheo na utabaki na sabuni, kwa hiyo yachanganye na mafuta mazuri zaidi upime upya, au wape watengeneza sabuni.

Maganda yaoshe, uyavue ule utando wa ndani, uyakaushe na kuyatwanga. Karibu yote ni kalsiamu kaboneti, na yanahitaji nyuzi 900 kwa saa 3 ili hewa ya kaboni itoke ibaki chokaa hai. Kazi hii wachoma chokaa wa pwani wameifanya kwa karne nyingi kwa mawe ya matumbawe, na nyumba za Lamu na Unguja zimesimama kwa chokaa hiyo. Jiko la mkaa la nyumbani halifiki joto hilo kwa uhakika, kwa hiyo tafuta tanuri la chuo cha ufundi au la mfinyanzi. Maganda huanza kuwa meusi, yakafifia kuwa kijivu, mwisho yakawa meupe pe. Weupe peke yake usikuridhishe. Chukua kipande, kidondoshee maji: chokaa hai hupata moto, ikavimba na kumomonyoka. Kisha tia siki. Mapovu yakifoka, ndani hakujaiva, rudisha tanurini. Iliyoiva ifungie kwenye chupa kavu ingali na uvuguvugu, kwa sababu hewa ya kawaida huiua nguvu. Trei moja la mayai 30 hutoa gramu 80 hivi. Vaa miwani, maana chokaa hii huunguza macho.

Kwa lita 1 ya mafuta, tumia mililita 400 za methanoli na gramu 40 za chokaa. Koroga chokaa na methanoli kwanza kwa nusu saa, ndipo utie mafuta. Weka chombo ndani ya maji ya moto, kiwe kwenye nyuzi 60, ukoroge kwa nguvu kwa saa 3. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, kwa hiyo mfuniko uwe na bomba refu lililosimama wima, lenye ubaridi, ili mvuke urudi ndani. Usikizibe kabisa, kitapasuka.

Hapa nasema kwa msisitizo: methanoli hupofusha na kuua, na moto wake mchana hauonekani. Fanya kazi nje, bila mkaa, gesi wala sigara karibu, na vyombo hivyo visirudi jikoni.

Chuja chokaa, acha mchanganyiko utulie usiku kucha. Gliserini nyeusi itazama, baiodizeli ibaki juu. Ijaribu: mililita 3 zake katika mililita 27 za methanoli. Ikiyeyuka yote, imeiva. Matone yakizama chini, rudia. Iliyoiva ioshe taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, ili kutoa kalsiamu iliyoyeyuka. Viwango vya Ulaya huruhusu kalsiamu na magnesiamu miligramu 5 tu kwa kilo. Kisha ikaushe. Anza kwa kuchanganya sehemu 1 na sehemu 4 za dizeli kwenye injini ya zamani, kama ya mashine ya kusaga, na uangalie chujio mara kwa mara. Gari jipya usilijaribie.

Kuhusu faida: katika zile mililita 400, takribani 130 tu ndizo huungana na mafuta. Zilizobaki zisipokusanywa kwa kukenekwa, hesabu haitoki. Kwa mtu mmoja na karai lake, kazi hii hailipi. Kwa wenye vibanda wa mtaa mzima, wakiwa na tanuri moja na mtambo mmoja wa kukenekea, inafaa kujaribiwa.