Sheria Inayokataza Kuwalisha Dubu

1. Mnyama mwenyewe

Dubu hapatikani porini katika Afrika ya Mashariki. Basi yafaa kwanza kueleza jinsi alivyo. Ni mnyama mkubwa, mwenye manyoya mengi, mkia mfupi sana, na makucha marefu. Hukanyaga kwa wayo mzima kama mwanadamu, tena aweza kusimama kwa miguu miwili. Katika Amerika ya Kaskazini wako dubu weusi, walio hodari wa kupanda miti, na dubu wa kahawia wenye nundu mabegani, ambao Wamarekani huwaita grizili. Grizili dume aweza kuwa na uzito wa kilo 200 na zaidi, na mbio zake hazishindwi na mtu yeyote.

Chakula chake ni majani, mizizi, matunda ya porini, wadudu, samaki, na nyama akiipata. Pua yake ni kali mno, hata hunusa chakula kilicho mbali sana. Wakati wa baridi, theluji inapofunika nchi, chakula huadimika. Hapo dubu huingia shimoni mwake akalala muda wa miezi mitano hivi, asile wala asinywe, bali aishi kwa mafuta ya mwili wake. Kwa sababu hiyo, kabla ya baridi kuanza hana budi kula kwa bidii usiku na mchana, ili anenepe. Mambo haya mawili, yaani pua kali na haja ya kunenepa, ndiyo asili ya habari zote zifuatazo.

2. Sheria iliyoandikwa isifuatwe

Mwaka 1872 Serikali ya Marekani ilitenga nchi kubwa iitwayo Yellowstone, yenye chemchemi za maji ya moto, misitu, na wanyama wa kila namna. Nchi hiyo haikuruhusiwa kuuzwa wala kulimwa, bali iliwekwa iwe mali ya watu wote, waje waitazame na kufurahi. Wageni wakaja, na hoteli zikajengwa. Mabaki ya chakula ya hoteli hizo yalitupwa jaani, karibu na msitu. Dubu wakanusa, wakaja. Jioni wageni nao wakaenda jaani kuwatazama dubu wakila, hata jambo hilo likawa tamasha. Katika miaka ya 1930, mahali paitwapo Otter Creek, viti vilipangwa mlimani ili watazamaji wakae wakiwaona grizili chini yao wakigombania mifupa na makombo.

Motokaa ziliruhusiwa kuingia Yellowstone mwaka 1915. Haukupita muda mrefu, dubu weusi wakajifunza kusimama kando ya barabara na kuomba kama maskini. Wasafiri walisimamisha motokaa, wakawatupia mikate na peremende. Wengine walithubutu hata kuwalisha kwa mikono yao.

Lakini je, hapakuwa na sheria? Ilikuwapo! Tangu mwaka 1902 kuwalisha dubu kulikatazwa katika Yellowstone. Ila sheria ile ilikaa katika karatasi tu. Watu waliiona, wakaipita. Na wakubwa wenyewe, ambao kazi yao ilikuwa kuilinda, waliwapangia wageni viti vya kutazama dubu wakila takataka. Ni nani atakayeitii amri ambayo mwenye kuitoa haitii?

Matokeo yake yalikuwa mabaya. Tangu mwaka 1931 hata mwaka 1969, kila mwaka watu wapatao 48 walijeruhiwa na dubu katika Yellowstone, na mara zaidi ya 100 kila mwaka mali za watu ziliharibiwa. Sababu haikuwa ukali wa dubu peke yake. Mtu alimpa dubu biskuti moja, kisha ya pili, kisha akamwonyesha mikono mitupu. Dubu hajui maana ya mikono mitupu. Alijua tu kwamba mkono ule hutoa chakula, basi akaushika kwa meno.

3. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1967

Kaskazini ya Yellowstone, katika jimbo la Montana, iko nchi nyingine iliyotengwa kwa namna hiyo hiyo, nayo huitwa Glacier. Ilitengwa mwaka 1910, na kwa muda wa miaka 57 hapana mtu hata mmoja aliyeuawa na grizili humo.

Mahali paitwapo Granite Park palikuwa na nyumba ya wageni mlimani. Kila usiku makombo ya chakula yalitupwa nyuma ya nyumba hiyo, na grizili walikuja kuyala huku wageni wakiwatazama. Mahali pengine, kando ya ziwa liitwalo Trout Lake, wasafiri waliacha takataka ovyo, na dubu mmoja alikuwa amezoea kuyajia mahema yao wakati wote wa kiangazi. Watu waliona, wakasema, lakini halikufanywa la kutosha.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1967, wasichana wawili waliuawa na grizili katika usiku ule ule mmoja, mmoja karibu na Granite Park na mwingine kando ya Trout Lake. Walikuwa hawajuani, na dubu waliowaua walikuwa mbalimbali. Kila mmoja alikuwa na umri wa miaka 19. Habari hiyo ilienea Marekani yote, na watu wakaanza kuulizana: Je, mwenye hatia ni dubu, au ni yule aliyemfundisha kula makombo ya mwanadamu?

Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulikuwa wazi tangu mwaka 1902.

4. Kufungwa kwa majaa

Mwaka 1970 wakubwa wa Yellowstone walianza kuishika sheria kwa nguvu. Wenye kuwalisha dubu walianza kuadhibiwa. Mapipa ya takataka yakawekwa mengine, ambayo dubu hawezi kuyafungua. Majaa yakafungwa, hata lile kubwa la Trout Creek.

Hata hivyo kulitokea mabishano makubwa. Wataalamu wawili, ndugu Frank na John Craighead, walikuwa wamewachunguza grizili wa Yellowstone tangu mwaka 1959. Hao walikubali kwamba majaa hayafai, lakini walishauri yafungwe polepole, ili dubu wapate nafasi ya kurudia vyakula vyao vya asili. Wakubwa wakaona ni heri kuyafunga upesi. Yakafungwa upesi. Grizili wengi waliolelewa jaani wakatangatanga wakitafuta chakula, wakaingia katika mahema na vijiji, na wengi wakauawa. Mwaka 1975 Serikali ya Marekani iliwaandika grizili wa majimbo ya Marekani yaliyo kusini ya Kanada katika hesabu ya wanyama walio hatarini.

Basi dubu walilipa mara mbili: kwanza kwa kulishwa, kisha kwa kunyimwa ghafula. Ndivyo ilivyo desturi mbaya. Kuianza ni rahisi, kuiacha ni kwa gharama. Lakini faida ilionekana baadaye. Dubu waliozaliwa baada ya hapo hawakuyajua majaa. Watu waliojeruhiwa na dubu katika Yellowstone walipungua kutoka 48 kwa mwaka hata kuwa mmoja hivi kwa mwaka katika miaka ya 2000. Na grizili wa Yellowstone na nchi iizungukayo wakaongezeka tena, hata hukadiriwa kuwa karibu 1,000.

5. Jinsi sheria inavyolindwa

Sheria hailindwi kwa adhabu tu. Katika nchi zilizotengwa za Marekani hulindwa kwa njia nne.

Ya kwanza ni mafundisho. Mgeni anapoingia langoni hupewa karatasi yenye amri: asimlishe mnyama yeyote, asimkaribie dubu chini ya yadi 100 katika Yellowstone, wala asiache chakula nje ya hema.

Ya pili ni vyombo. Katika Yosemite, nchi iliyotengwa katika jimbo la California, dubu weusi walijifunza kuvunja motokaa ili kutoa chakula kilichomo. Mwaka 1998 peke yake matukio ya dubu ya kila namna yalikuwa zaidi ya 1,500. Sasa kila mahali pa kupiga hema pana sanduku la chuma, na kila mgeni ni lazima aweke humo chakula chake, na hata sabuni, maana dubu hufuata harufu yoyote. Mapipa na masanduku ya namna hii hujaribiwa kwanza. Katika mji wa West Yellowstone wako grizili ambao hawawezi tena kuishi porini. Pipa jipya hutiwa chakula, kisha huachiwa dubu hao wajaribu kulivunja, kuliuma, na kulirukia. Likistahimili dakika 60, hukubaliwa.

Ya tatu ni askari. Hao huzunguka mahemani mchana na usiku, wakitazama kama kuna chakula kilichoachwa mezani. Mara nyingi askari humwonya mgeni kwanza. Kama kosa ni kubwa, humwandikia hati ya kosa.

Ya nne ni hakimu. Yellowstone ina mahakama yake, katika mji mdogo wa Mammoth. Mtu aliyewalisha wanyama aweza kutozwa faini hata dola 5,000, au kufungwa hata miezi sita, au yote mawili.

6. Kesi ya Whistler

Kanada nayo ina sheria kama hii. Katika mji wa Whistler, jimbo la British Columbia, mkazi mmoja aliwalisha dubu weusi nyumbani kwake wakati wa kiangazi cha mwaka 2018. Hakuwapa makombo, aliwanunulia chakula hasa. Kwa wiki moja aliweza kuwapa makreti 10 ya matofaa, ratili 50 za karoti, na mayai dazani 15. Dubu wakazoea kukaa kati ya nyumba za watu, wakaharibu mali, wala hawakuogopa tena. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule askari wa wanyama walilazimika kuwaua dubu watatu.

Mkazi huyo alishitakiwa, akakiri kosa, na mwaka 2021 hakimu akamtoza faini ya dola 60,000 za Kanada. Hapajapata kutolewa faini kubwa kuliko hiyo kwa sheria ya wanyama ya jimbo lile hata wakati ule. Lakini faini hiyo haikuwarudisha wale dubu watatu.

7. Wema unaoua

Pengine mtu atauliza, Kwa nini dubu auawe, hali mkosaji ni mwanadamu? Kwanza askari hujaribu njia nyingine. Humtega dubu katika mtego ulio kama bomba kubwa la chuma juu ya magurudumu, wakampeleka mbali porini. Lakini dubu ana kumbukumbu njema, na mara nyingi hurudi mahali pale pale, ijapokuwa ni mwendo wa siku nyingi. Tena dubu jike huwafundisha watoto wake njia za kupata chakula, nao hukaa naye mwaka mmoja na nusu au zaidi. Akijua njia ya jaani, nao wataijua. Hivyo biskuti moja yaweza kuharibu kizazi kizima. Ndiyo sababu askari wa Marekani husema kwamba dubu aliyelishwa ni dubu aliyekufa.

Jambo hili si la dubu tu. Katika mbuga za wanyama za Kenya na Tanzania pia ni marufuku kuwalisha wanyama. Na wasafiri wengi wamewaona nyani waliozoea kurushiwa ndizi njiani, jinsi wanavyoyarukia magari na kuwanyang'anya watoto vyakula vyao.

Anayemlisha mnyama wa porini hudhani kwamba anatenda wema. Lakini wema hupimwa kwa mwisho wake, si kwa furaha ya mtendaji wakati wa kutoa. Na sheria nayo hupimwa vivyo hivyo: si kwa uzuri wa maneno yake, bali kwa kushikwa kwake na wakubwa na wadogo pamoja.

Maneno

jaa: mahali pa kutupia takataka.
makombo: mabaki ya chakula baada ya watu kula.
tamasha: jambo la kutazamwa na watu wengi.
hati ya kosa: karatasi ya askari ielezayo kosa la mtu.

Maswali

1. Kwa nini dubu hula sana kabla ya wakati wa baridi?
2. Sheria ya mwaka 1902 ilikosa nini?
3. Ndugu Craighead walishauri majaa yafungwe kwa namna gani, na kwa sababu gani?
4. Taja njia nne za kuilinda sheria. Ni ipi iliyo bora kwa maoni yako? Toa sababu.
5. Eleza kwa maneno yako mwenyewe maana ya kusema, Dubu aliyelishwa ni dubu aliyekufa.