Yai la Kienyeji, Yai la Gredi na Joto la Garissa

Ukiuliza Garissa mjini lipi bora kati ya yai la kienyeji na la gredi, wengi watataja la kienyeji na kukuonyesha kiini chake kilichokolea. Rangi hiyo inatokana na majani aliyodonoa kuku. Kuku wa gredi akilishwa mahindi ya njano, naye hutaga kiini kama hicho. Ganda jeupe au la kahawia ni jambo la ukoo wa kuku. Protini haipishani sana, ila yai la gredi ni kubwa zaidi.

Tofauti inayotugusa sisi wa huku ni nyingine. Kuku wa gredi hafugwi pamoja na jogoo, kwa hiyo yai lake halina mbegu. La kienyeji mara nyingi linayo, na mbegu huanza kukua joto likipita nyuzi 27 hivi, hata kama hakuna kuku aliyeliatamia. Machi mchana Garissa hukaribia nyuzi 37. Yai lililosahaulika kiotani siku tatu au nne linaweza kuwa na mishipa ya damu, na hapo nani nyumbani atalila? Yai la kienyeji la leo ni zuri sana. La wiki iliyopita laweza kuwa viza.

La gredi huvumilia joto zaidi, lakini hujui umri wake. Limesafiri kwa lori kupitia Mwingi, kisha likakaa dukani. Maji yake hutoka polepole kupitia vitundu vya ganda na hewa kuingia. Ndiyo maana ukilitia kwenye bakuli la maji, yai bichi la karibuni hulala chini, lililokaa husimama, na la zamani huelea. Hilo linaloelea litupe. La kienyeji limulike pia kwa tochi ya simu gizani: ukiona mishipa myekundu, liweke kando.

Wafugaji, okoteni mayai asubuhi na jioni. Kama huhitaji vifaranga, mtenge jogoo, ukijua mbegu yake hudumu ndani ya kuku jike wiki mbili au tatu. Asiye na friji atengeneze kabati la waya lenye kuta za mkaa unaoloweshwa maji. Katika hewa kavu kama yetu hupoza vizuri. Usiyaoshe mayai kabla ya kuyahifadhi, kwani maji huondoa utando unaozuia vijidudu. Kinyesi kikavu kipanguse kwa kitambaa kikavu.

Salmonela haichagui kuku wa nyumbani wala wa dukani. Pika mpaka kiini kigande, hasa kwa mtoto, mjamzito na mzee.

Na kuku akipewa dawa, soma kibandiko: siku zilizoandikwa zisipokwisha, mayai yake hayaliwi wala hayauzwi.